Chole ya Vipande Vitatu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho hata leo naiona: mume wangu amesimama juu ya kiti, misumari kaibana kwa midomo, nami nimesimama mlangoni namwelekeza, "Juu kidogo. Juu tena." Tulikuwa tunatundika picha. Nyumba ilikuwa yetu wenyewe, hapa hapa Miburani, na mimi nilikuwa mke wa miezi michache, hina ya harusi ndiyo kwanza inaniisha kuchani.

Nakusimulia haya kwa kuwa siku hizi kila nyumba changa ninayoingia ina picha za vipande. Mnaziagiza kwa simu, zinavuka na boti mpaka Kilindoni zimefungwa nailoni: vipande vitatu, vinne, vitano, na vyote ni picha moja. Ua moja limegawanywa, au msikiti mmoja, au maporomoko ya maji ambayo hapa kisiwani hatuna. Zinapendeza, sina ugomvi nazo. Ila nikizikuta zimebanwa huko juu karibu na dari, kipande kimoja kinatazama Kilwa na kingine Unguja, nasema moyoni: huyu naye alikuwa na haraka, kama nilivyokuwa mimi. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Basi keti.

Picha zetu hazikutoka dukani. Zilichorwa na Athumani, aliyesoma chuo kimoja cha Kurani na mume wangu, wakipigwa henzirani moja na mwalimu mmoja. Athumani alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka pale Kilindoni, mkono wake mwepesi, rangi zake hazikwajuki wala kupauka. Shaweji, mume wangu, alipooa, Athumani akachukua mbao tatu za plaiwudi akachora Chole, kile kisiwa kidogo cha ng'ambo yetu. Alichagua Chole kwa sababu ndiko kwao mama yake Shaweji, Bi. Kidawa, ambaye ndiye mavyaa wangu.

Ubao mmoja aliuchora pwani, mikoko na maji yamekupwa. Mwingine akauchora njia ya mchanga inayopita baina ya minazi na nyumba. Wa tatu akauchora ule mti mkubwa wanaponing'inia popo. Njia ilianza pwani, ikapita majumbani, ikaishia kwenye mti. Hakuchora mtu hata mmoja. Na popo wenyewe aliwachora kama majani meusi, maana alikuwa akichelea maneno ya mwalimu wao, aliyewakataza kuchora chenye roho. Akatuletea mbao zimefungwa kwenye gunia, akatuombea dua, akaondoka kwenda Dar es Salaam alikopata kazi. Siku ya kutundika hakuwepo wa kutuonya.

Sasa, Bi. Kidawa. Kabla ya harusi yetu alipata kiharusi huko huko Chole. Mguu wa kushoto ukawa mzito, mkono wa kushoto ukawa haushiki kitu. Shaweji, mtoto wake wa pekee, akamleta Miburani ili awe karibu na hospitali. Kwa hiyo nilipoingia katika nyumba ile nilimkuta mama keshatandikiwa mkeka wake sebuleni, karibu na dirisha, mito miwili nyuma ya mgongo. Hapo ndipo alipokuwa akishinda, ananyanyuliwa kwa haja na kwa sala tu.

Nilimwogopa kidogo, nakwambia kweli. Si kwa ukali, maana hakuwa na ukali. Nilimwogopa kwa kimya chake. Nikimwamkia asubuhi, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba, mwanangu," basi, mpaka kesho. Neno lake lilikuwa moja, tena akimwambia mwanawe: "Nirudisheni kwetu." Na jibu la Shaweji nalo lilikuwa moja: "Hospitali iko huku, mama. Upone kwanza." Akisikia hivyo anageuka, anautazama ukuta. Chakula nikawa nampelekea sahani imejaa, nairudisha imejaa.

Mimi, kuku mgeni, na kamba yangu mguuni, niliona la kufanya ni nyumba ipendeze. Nilitaka wanawake wenzangu wakija wapigwe na butwaa kwa picha zile tangu kizingitini. Ndipo Shaweji akapanda kiti. Nikamwambia azipandishe juu kabisa, juu ya vichwa vya wageni, na kipande cha pwani akiweke katikati.

Akauliza, "Cha pwani si ndicho cha mwanzo?"

"Ndicho kizuri kuliko vyote," nikasema. "Kizuri hukaa katikati."

Naye alikuwa bwana harusi. Bwana harusi habishani sana. Akagongomea. Majirani wakaja wakasifu, wakanywa chai, wakaenda zao. Mimi nikapitisha siku kadhaa natembea kama niliyejenga Chole kwa mikono yangu.

Asubuhi moja akabisha hodi Bi. Pili. Huyu ni mdogo wake Bi. Kidawa, mama mdogo wa mume wangu, mwanamke mfupi aliyekuwa hajui kunong'ona. Ametoka Chole alfajiri, akashukia Utende, akaja na kikapu cha machungwa kichwani na upindo wa kanga ungali umelowa. Tukamwamkia, tukampa maji. Hakunywa hata nusu.

"Shaweji," akasema, "nimekuja kumchukua dada yangu."

Mume wangu akajaribu kucheka. "Mama mdogo, utampelekaje? Kupanda mashua kwenyewe mtu anaingia majini mpaka kiunoni. Na akizidiwa huko, nani atamvusha?"

"Na hapa je?"

"Hapa pana daktari."

"Daktari anamtazama mguu," Bi. Pili akasema. "Yeye mwenyewe anatazamwa na nani?"

Shaweji akainamisha kichwa. Nami kwa kutaka kumwokoa mume wangu nikajitosa. "Mama mdogo, hapa hakosi kitu, alhamdulillahi. Hata Chole yenyewe tumemtundikia." Nikanyoosha kidole juu.

Bi. Pili akatazama juu, mkono umeshika shingo. Kisha akamtazama dada yake. Akavua makubazi, akaenda akakaa mkekani bega kwa bega na Bi. Kidawa, miguu kainyoosha kama yeye, mgongo kauegemeza kwenye mito ile ile. Akatazama juu tena kutoka hapo.

"Njoo, mwanangu," akaniita. "Kaa hapa."

Nikakaa.

"Unaona nini?"

Mwanangu, sikuona Chole. Niliona mng'ao wa dirisha umeanguka juu ya rangi, na chini ya mng'ao ule ukingo wa mbao na utando wa buibui. Ili nione zaidi ya hapo ilinibidi niipinde shingo mpaka iume. Na aliyekuwa ubavuni mwangu shingo yake ilikuwa haipindiki hivyo.

"Naona mng'ao tu," nikasema.

"Basi umemtundikia nani?"

Nikafikiri nimdanganye. Macho yake hayakuniruhusu. "Wageni," nikasema.

"Mgeni anakunywa chai yake anakwenda," Bi. Pili akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Anayeshinda humu ni huyu. Nyumba haipambwi kwa jicho la anayepita, mwanangu. Hupambwa kwa jicho la anayekaa."

Hakunisema kwa chuki, na ndiyo maana maneno yale yaliingia yakakaa. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi nilikuwa nimeupaka mkakasi rangi, sijauliza ndani mna nini.

Bi. Pili akakubali kulala kwetu siku chache kabla ya kukata shauri la safari. Kesho yake akamwambia Shaweji azishushe picha. Alipozing'oa, ukuta ukatoa udongo mwingi, kwani nyumba zetu za wakati ule zilikuwa za miti na udongo, juu yake plasta nyembamba, na yeye misumari aliikita kwenye udongo mtupu. Maskini, ni bahati hazikumwangukia mtu. Tukaziba matundu. Nikazifuta mbao vumbi, nikazipanga sakafuni mbele ya mkeka wa mama ili tuone ziachane kiasi gani, pwani katikati kama zilivyokuwa. Kisha nikaingia jikoni kutazama wali.

Nikiwa huko nikasikia sauti nisiyoijua.

"Nani kaipeleka njia ya kwetu baharini?"

Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Alikuwa Bi. Kidawa. Ameinama kutoka kwenye mito yake, mkono wake mzima umegusa ubao wa pwani. Bi. Pili, aliyekuwa akimenya machungwa, kisu kimesimama hewani.

"Tazameni," Bi. Kidawa akasema, na ulimi wake ulikuwa mzito lakini maneno yalieleweka. "Mtu anatoka kwenye mti, anakuja, anakuja, puu! Kaingia majini. Nyumba ziko wapi? Amezipita usingizini?"

Bi. Pili akaangua kicheko, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Na dada yake akacheka naye, upande mmoja wa uso ukipanda na mwingine ukibaki pale pale. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mavyaa wangu akicheka. Akausukuma ubao wa pwani kwa mkono ule mmoja, nikamsaidia, tukauweka mwanzo. Nyumba zikafuata, kisha mti. Njia ikaungana. Kweli ilikuwa ikitoka ubao hadi ubao, na hata ule mwanya baina yao haukuikata. Jicho liliruka lenyewe.

Shaweji aliporudi kutoka kazini, kwenye ghala la mbata, zile nazi kavu, alikuta wanawake watatu wanamsubiri, na mwenye maneno mengi kuliko wote alikuwa mama yake.

Tukafanya kazi kwa utaratibu safari hii. Nilikata karatasi za mifuko ya saruji kwa kipimo cha kila ubao, tukazibandika ukutani kwa ugali, ule ukuta wa pembeni usiopigwa na mwanga wa dirisha. Tukavuta uzi toka pembe hadi pembe ili vichwa vya mbao visipande na kushuka. Baina ya karatasi na karatasi tuliacha vidole viwili, na kila mahali vidole viwili hivyo hivyo, kwa kuwa mwanya ukiwa huku mpana na kule mwembamba, picha inaonekana ina mapengo. Bi. Kidawa ndiye aliyekuwa akihukumu.

"Shusha."

Shaweji akashusha.

"Shusha tena. Mnamtundikia nani, mnazi?"

Akashusha mpaka katikati ya picha ikawa sawa na macho ya mama yake alivyokaa. Nikaona aibu kidogo. Nikasema wageni watasema tumetundika picha chini kama mkeka wa watoto. Bi. Pili akanitazama tu, nikayameza mengine. Kisha Shaweji akachukua nyundo, naye mama akamzuia. "Gonga kwa ngumi kwanza, usikilize. Penye nguzo pana sauti yake." Akagonga, akasikiliza, akaipata nguzo, msumari ukaingia ukashika.

Jioni ile Bi. Kidawa alikula. Si sana, ila alikula akiwa ameelekea picha, na katikati ya tonge akanyoosha kidole. Hapa palikuwa na kisima. Hapa alikaa mwanamke aliyekuwa akisuka ukili huku anaimba. Hapa ndipo wewe Shaweji ulipoanguka ukavunja jino. Mume wangu akawa anacheka, anakumbushwa, anauliza. Kidole kikatembea njia yote ile mpaka kikafika kwenye ule mti, kikasimama.

"Na nyuma ya mti huu yupo dada yako," akasema.

Shaweji alijua kwamba alitanguliwa na mtoto aliyekufa mchanga. Aliambiwa alipokuwa mdogo, kama wanavyoambiwa watoto, likapita. Hakujua alizikwa wapi. Hakujua kwamba kila Shaabani, kabla ya kufunga, mama yake alikuwa akienda peke yake kung'oa majani juu ya kaburi lile dogo na kumsomea. Shaabani moja ilikuwa imepita tangu augue, na ya pili ilikuwa inakaribia.

"Namsafishia mimi, dada," Bi. Pili akasema taratibu. "Haupiti mwezi nisifike."

"Najua unamsafishia," Bi. Kidawa akamjibu. "Lakini wewe si mama yake."

Shaweji akaacha kula. "Mama, kwa nini hukuniambia? Umekuwa ukisema tu nikurudishe."

"Hukuniuliza nikafanye nini huko," mama yake akasema, bila lawama. "Uliniambia hospitali iko huku."

Kesho yake mume wangu alikwenda kwa daktari, akauliza kama mama anaweza kuvushwa. Daktari akampa dawa za kutosha na maneno ya kuzingatia. Akaenda Utende akazungumza na wavushaji. Na ilipofika Shaabani tulimpeleka. Vijana wanne walimbeba juu ya kiti, maji yakiwa viunoni mwao, naye juu kakaa kama bibi harusi, ushungi umefungwa vizuri, akiwaonya wasimmwage majini. Shaweji alitembea majini ubavuni mwa kiti, mkono wake juu ya goti la mama yake, hakuutoa mpaka tulipopanda mashua.

Kule Chole alikataa kupumzika kwanza. Tukampitisha njia ile, pwani, majumbani, kwenye mti, na popo juu wakizozana kama kawaida yao. Kaburi lilikuwa dogo, mwanangu, urefu wa mkono na nusu. Tukamkalisha chini. Bi. Pili alikuwa ameacha majani kidogo kwa makusudi, nikayaona, nami nikajua ameyaacha kwa nini. Bi. Kidawa akayang'oa kwa mkono wake mzima, moja moja, hakumruhusu mtu amsaidie. Shaweji akapiga magoti upande wa pili, akainua mikono, akamwombea dada yake aliyekuwa hajawahi kumwombea.

Tukamwacha huko kwa mdogo wake, afunge na kusherehekea Idi kwao, na Shaweji akawa anavuka kila Ijumaa kumtazama. Siku tuliyorudi nyumbani bila yeye, sebule ilikuwa kubwa mno. Niliingia ndani kubadili nguo. Nilipotoka nikamkuta mume wangu amekaa kwenye mkeka wa mama yake, mgongo kwenye mito, miguu kainyoosha, anaitazama picha. Miezi yote ile alikuwa hajawahi kukaa pale. Nikakaa kando yake, tukatazama pamoja mpaka muadhini akaanza.

Bi. Kidawa alirudi kwetu baada ya Idi kwa hiari yake, na kila Shaabani tukampeleka, mpaka mwaka Mungu alipomchukua. Tulimzika Chole.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukipata picha za vipande, usipande kiti kwanza. Zipange sakafuni, uzitazame. Jua kipi kinatangulia na kipi kinafuata, usikitoe kimoja mahali pake kwa kuwa kinapendeza zaidi. Weka karatasi kabla ya msumari, maana karatasi husamehe, ukuta hausamehe. Mianya iwe sawa, uzi uwe umenyooka, na usitundike pasipo na kitu cha kushika, iwe nguzo ya mti au hayo matofali yenu ya siku hizi. Epuka jua kali la dirishani. Na urefu usiupime kwa macho yako wewe uliyesimama na nyundo. Kaa. Kaa pale wanapokaa watu wa nyumba yako, kwenye kochi kama mna kochi, mkekani kama mna mkeka, kitandani kama mna mgonjwa, halafu ndipo useme juu au chini.

Na mtu wako akikwambia neno moja kila siku, usimjibu neno moja kila siku. Muulize. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na watu nao ni hivyo hivyo.

Mola akujaalie nyumba isiyovuja wala kununa, ukuta unaoshika msumari, na wazee wa kukusema ukingali unaweza kusikia. Akupe mume, au mke, asiyeona haya kushuka kitini akapanda tena. Na wale watakaoshinda humo kutwa, Mungu awape macho yaliyotulia na moyo uliotulia. Amin, mwanangu, nenda salama.